Nyimbo Zilizopanda Lori la Mbuzi

Lori la kwanza hufika Kiamaiko kabla ya adhana ya alfajiri. Tanboi amelala juu ya vyuma, kanzu imemfunika hadi machoni, na chini yake mbuzi wa Moyale na Marsabit wamesimama wakiegemeana jinsi walivyosimama usiku kucha. Dereva anazima injini lakini redio haizimi. Kwa hiyo mbuzi hawajashuka, na wimbo umeshashuka: sauti ya mwanamume, gitaa, kinanda, na maneno ya Kioromo yanayoingia katikati ya kelele za mabroka, mikokoteni na visu vinavyonolewa.

Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha supu. Mwenye kibanda ni mama wa makamo aliyetoka Murang'a, na kichwa na miguu anayoichemsha hununua palepale, bado ina joto. Asubuhi moja nilimwona akikoroga sufuria huku akifuatisha ule wimbo wa lori, si kwa kunung'unika tu bali kwa kutamka, na ilipofika mahali pa kuitikia akaitikia. Nikamuuliza, "Mama, huyu anasema nini?"

"Sijui," akasema. "Lakini najua pahali pa kuitikia."

Jibu hilo nimelibeba muda mrefu. Mtu anaweza kuujua wimbo kwa mifupa yake bila kuujua kwa kamusi. Basi nani aliamua kwamba wimbo huu uwe katika lugha hii, si ile? Nilipoanza kufuatilia nikakuta kwamba kila mahali kuna mtu aliyekuwa na mlango, na lugha ya wimbo ilikuwa ufunguo wa mlango huo.

Nianze na wenye soko. Kiamaiko, kati ya Huruma na Kariobangi, ni soko la mbuzi na vichinjio lililojengwa na watu wa kaskazini ya Kenya: Waborana, Wagabra, Waburji, Wagarri, Wasomali. Mgeni huwaona wote kama kabila moja kwa sababu huwasikia wakipatana bei kwa lugha moja. Lugha hiyo ni Kiborana, tawi la kusini la Kioromo, na kwa baadhi yao ni lugha ya pili. Mburji ana Kiburji chake nyumbani, lugha isiyoelewana kabisa na Kiborana. Wagarri wengi wamekulia ndani ya lugha mbili, Kisomali mkono huu na Kiborana mkono ule. Kule juu, kutoka Isiolo hadi Moyale na kuvuka mpaka, Kiborana kinafanya kazi ambayo Kiswahili kinafanya Nairobi: ndicho kinachouza mbuzi. Na kinachouza mbuzi huishia kuimbwa.

Lakini uimbaji wao ni mkongwe kuliko soko. Katika nchi ya Borana, kusini mwa Ethiopia, kuna visima vya kale viitwavyo tula, na hesabu ya wazee ni visima tisa vikuu, kila kimoja chini ya ukoo wake. Ni virefu hivi kwamba maji hayavutwi kwa kamba. Vijana hujipanga kwenye ngazi kutoka chini hadi juu, wakirushiana ndoo za ngozi mkono kwa mkono, na kinacholinganisha mikono hiyo ni wimbo. Huko Marsabit pia viko visima vya namna hiyo, na wageni huvipa jina la visima vinavyoimba. Wimbo ukikatika, ndoo inaanguka, ng'ombe anakosa maji. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo kukosea mahadhi kuna hasara inayoonekana haraka namna hiyo.

Sasa tuvuke mpaka, kwa sababu sauti iliyokuwa kwenye lori ilitoka huko.

Ethiopia ya Haile Selassie ilikuwa na Waoromo wengi kuliko Wakenya wengi wanavyofikiri. Ni kabila lililokuwa na linaloendelea kuwa miongoni mwa makubwa kabisa nchini humo. Hata hivyo katiba ya 1955 ilitaja Kiamhara kuwa lugha rasmi ya dola, na Kioromo hakikuwa na nafasi shuleni, mahakamani wala magazetini. Mwaka uliofuata, 1956, mwanachuoni mmoja wa Harar, Sheikh Bakri Sapalo, alibuni herufi zake mwenyewe za kuandikia Kioromo, kwa kuwa aliona herufi za Kiarabu na za Kiamhara zote hazitoshi sauti za lugha yake. Alikuwa mshairi pia, na mashairi yake ya dini na ya nchi yalikaririwa na watu ambao hawakujua kusoma herufi yoyote. Wakubwa hawakufurahi. Herufi zake zilizuiwa, na yeye akafa mwaka 1980 akiwa mkimbizi Somalia. Mashairi hayakuhitaji herufi ili yasafiri.

Mjini Dire Dawa, kwenye reli ya Djibouti, mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Kioromo waliunda kikundi walichokiita Afran Qallo, jina la koo nne za Waoromo wa mashariki. Dire Dawa ilikuwa mji wa stesheni: Wasomali, Waharari, Waarabu wa Yemen, Wagiriki, Waarmenia, Waamhara. Harusini zilipigwa nyimbo za Kiarabu, za Kisomali, za Kiamhara, na za Kihindi kutoka sinema. Kioromo kilikuwa lugha ya shamba na ya wapagazi. Vijana hao wakaamua kukipandisha jukwaani na kukivika ala za kisasa. Mmoja wao alikuwa mvulana aitwaye Ali Mohammed, ambaye wimbo wake wa kwanza ulihusu msimu wa baada ya mvua, unaoitwa birra. Watu wakamtunuku jina la wimbo: Ali Birra.

Kuimba kuhusu msimu si kosa la jinai popote. Lakini katikati ya miaka ya 1960 serikali ilikivunja kikundi na baadhi ya wanachama wakatiwa ndani. Ali Birra akaenda Addis Ababa akaajiriwa katika bendi ya walinzi wa mfalme, mahali ambapo mshahara ulikuwa wa mfalme na lugha pia. Aliimba kwa Kiamhara alipotakiwa, akaimba kwa Kiharari, Kisomali na Kiarabu. Mwaka 1971 akatoa albamu ya Kioromo. Wakati ule redio ya Mogadishu ilikuwa imeanza kurusha matangazo ya Kioromo, na Sauti ya Kenya nayo ilikuwa na kipindi chake cha Kiborana kwa ajili ya watu wa kaskazini. Mawimbi hayana pasipoti. Wimbo ambao haukukaribishwa Addis ulisikika Moyale.

Mapinduzi ya 1974 yalilegeza kidogo: gazeti la Kioromo, Bariisa, lilianza mwaka 1975. Herufi za Kilatini zikawa rasmi baada ya 1991. Ali Birra aliishi ughaibuni miaka mingi, akarudi, akafa Novemba 2022 akazikwa kwa heshima za kitaifa katika nchi iliyowahi kuwafunga wenzake kwa kuimba.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba hata Mborana wa Kiamaiko hamwelewi Ali Birra neno kwa neno. Kioromo cha Harar na Kiborana vinatofautiana kama Kiswahili cha Lamu na cha Kigoma, pengine zaidi. Nilimuuliza mzee mmoja wa pale sokoni, mwenye fimbo na kilemba, anayehesabu mbuzi kwa kuwagusa mgongo. "Kijana wangu," akasema, "maneno mengine yananipita. Lakini yananipita kama mtu wa nyumbani anavyokupita njiani, unajua ni wa kwenu." Kwa hiyo yule mama wa supu na mzee mwenye mbuzi wako kwenye ngazi moja ya kisima, ila mama yuko vidato vichache chini.

Kisa hiki kina ndugu yake mkubwa, mbali sana, kusini mwa India. Huko kuna muziki wa kale uitwao Karnatiki, ambao mpaka leo unaimbwa katika miji ya Watamil kama Chennai mbele ya wasikilizaji Watamil, na nyimbo zake nyingi hazimo katika Kitamil. Zimo katika Kitelugu, Kisanskriti na Kikannada. Sababu ni ikulu. Mji wa Thanjavur uko katikati ya nchi ya Watamil, lakini tangu karne ya 16 ulitawaliwa na wafalme waliozungumza Kitelugu, na walipoondolewa katika miaka ya 1670, waliowafuata walikuwa Wamaratha ambao waliendelea kuwatunza washairi wa Kitelugu. Karne mbili za posho za kifalme zilitosha kuwafanya watu waamini kwamba Kitelugu ndicho kinachokaa vizuri kwenye koo la mwimbaji. Na kweli, maneno yake mengi huishia kwa irabu, kama ya Kiswahili.

Watungaji watatu wakuu wa muziki huo walizaliwa katika mji mmoja mdogo, Tiruvarur, katika muda wa miaka kumi na minne hivi. Tyagaraja, ambaye kwao walizungumza Kitelugu, alitunga kwa Kitelugu. Syama Sastri, ambaye kwao ni Kitamil, alitunga zaidi kwa Kitelugu vilevile. Muthuswami Dikshitar, Mtamil pia, akachagua Kisanskriti, lugha isiyokuwa ya mtaa wowote. Tyagaraja husimuliwa kuwa alikataa zawadi za mfalme, akaishi kwa kuombaomba chakula cha siku. Lakini hata aliyekataa fedha za ikulu alikuwa amerithi lugha iliyokwisha kupambwa na fedha hizo.

Mwaka 1943, mjini Madras (Chennai ya leo), tajiri Annamalai Chettiar na wenzake wakaanzisha chama cha kudai Kitamil kiimbwe katika tamasha za Watamil. Wapinzani wao, nao Watamil wengi, wakajibu kwamba muziki ukishafika juu hauna lugha, mahadhi yanatosha. Nikilisoma jibu hilo nakumbuka kibanda cha supu, na bado silikubali lote. Wanaosema muziki hauna lugha mara nyingi ni wale ambao lugha yao, au ile waliyoizoea, ndiyo inayoimbwa.

Kwetu pwani ugomvi huo ulikwisha kuamuliwa, na aliyeuamua alikuwa mwanamke muuza vyungu. Taarabu ya Unguja ilizaliwa kwenye jumba la Sultani. Masimulizi ya huko yanasema Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim hadi Cairo kujifunza ala, akarudi na muziki wa Misri pamoja na lugha yake. Chama cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905 kiliimba Kiarabu. Ukumbini walikuwemo watu waliotikisa vichwa kwa ustaarabu bila kuelewa beti mbili. Nawaelewa.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, mbali na majumba hayo, akaingia mjini akitembeza vyungu vya mamake na kuimba ili watu watoke nje wanunue. Hapo ndipo mlango wake ulipokuwa: mlango wa mnunuzi. Muuza vyungu hawezi kuita wateja kwa lugha wasiyoijua. Baadaye alipojifunza kwa wapiga ala na kuitwa majumbani, alikuja na Kiswahili chake, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert, alipomwandikia wasifu, alijua anaandika habari za mtu aliyebadilisha kitu.

Alichobadilisha si sauti tu. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka akavukia bara, na mahakama ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Wimbo wa namna hiyo usingezaliwa katika Kiarabu cha ikulu, kwa sababu Kiarabu cha ikulu kilikuwa na kazi ya kusifu mwezi na macho. Lugha ilipobadilika, kesi ya mtaani ikapata pa kukaa. Ndiyo maana siwezi kusema lugha ya wimbo ni nguo tu.

Pwani haikuacha kuazima, ila iliazima upande mwingine. Mombasa, Juma Bhalo alichukua mahadhi ya sinema za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili, mengi ya binamu yake Ahmad Nassir. Mahadhi ya Bombay, maneno ya Mji wa Kale. Mvuvi asiyejua neno la Kihindi alikuwa anaujua wimbo tangu sinema, sasa akapewa maneno yake.

Nairobi ni hadithi nyingine, kwa sababu Nairobi haikuwa na sultani. Ilikuwa na kampuni za santuri, baa na redio. Katikati ya miaka ya 1970 wanamuziki wa Zaire walimiminika: Baba Gaston, Super Mazembe, kisha Samba Mapangala. Kilingala kikawa lugha ya kuchezea densi. Baba zetu wa mitaa ya Bahati, Makadara na Kaloleni waliimba Kilingala Jumamosi nzima, na Jumatatu hawakuweza kuomba maji kwa Kilingala. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliamuru robo tatu ya muziki wa redioni uwe wa Kenya. Amri hiyo ilikufa upesi.

Wenye akili walisoma mchezo. Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo walianza kwa Kikamba, kisha wakahamia Kiswahili, kwa kuwa idhaa ya taifa ilitangaza kwa Kiswahili na wasikilizaji wake walitoka kila pembe. Walipata nchi nzima. Lakini ukitaka kuweka kanuni hapo, utakutana na Charonyi ni Wasi. Bendi ya wanajeshi, Maroon Commandos, chini ya Habel Kifoto, ilitoa wimbo huo mwaka 1977 hivi kwa Kidawida, lugha ya vilima vya Taita, yenye wasemaji wachache. Hakuna mwenye hesabu ambaye angeuwekea fedha. Ukapigwa Kisumu, Nyeri, Garissa. Nilikua nikiuimba nikidhani ni Kilingala.

Halafu 2002. Vijana wawili, Gidi Gidi na Maji Maji, walichukua kitenzi cha Kijaluo chenye maana ya kutisha, wakakipa kichwa cha Kiingereza na mkia wa Kiingereza: Unbwogable. Ukiwa mtu wa Kiamaiko utasema walimchinja wakamshona upya. Muungano wa upinzani, NARC, uliubeba wimbo huo hadi Uhuru Park, na Desemba ile umati wa makabila yote ukapiga kelele neno la Kijaluo wakati utawala wa Moi wa miaka 24 ukifika mwisho. Jirani yetu Mkikuyu, ambaye hajawahi kuwasema Wajaluo vizuri kabla wala baada ya hapo, aliliandika kwenye mkokoteni wake.

Nimeruka Dandora, na si haki, kwa maana Dandora na Kiamaiko ni majirani. Kalamashaka walipotoka na Tafsiri Hii mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wamekataa Kiingereza cha Marekani ambacho kila rapa wa mjini aliiga. Walirapu kwa Kiswahili na Sheng. Waliowafuata, kutoka mtaa wa California hadi Umoja, wakaendelea mpaka mwaka 2018 Ethic wakatoa Lamba Lolo na mtindo wa gengetone ukapata jina. Sheng haina ikulu hata moja, na labda ndiyo sababu inabadilika kila ikivuka barabara. Sheng ya Kiamaiko ina maneno ambayo mtu wa Umoja atauliza maana yake, mengine yakiwa yametoka kwenye bei ya mbuzi.

Lori nalo limebadilika. Kabla lami ya Isiolo hadi Moyale kukamilika katikati ya miaka ya 2010, safari ilikuwa ya siku kadhaa za vumbi na matope, na kaseti ilirudiwa mpaka utepe ukaisha sauti. Sasa ni usiku mmoja na sehemu ya mchana, na nyimbo ziko kwenye flashi. Kuna mtu sokoni anayejaza flashi hizo kwa shilingi chache, kibanda chake kikiwa kati ya muuza kamba na muuza miraa. Ana Ali Birra. Ana Hachalu Hundessa, mwimbaji wa Kioromo aliyeuawa kwa risasi Addis Ababa tarehe 29 Juni 2020, na ambaye vijana wa hapa waliozaliwa Huruma humwimba kwa lafudhi ya Huruma. Ana kasida za Kiswahili, ana mahubiri ya Kisomali.

Siku niliyokaa naye alikuja dereva, mbuzi wameisha, lori limeoshwa nusu, anarudi Moyale jioni ileile. Akatoa flashi mfukoni.

"Za huko ninazo," akasema. "Niwekee za hapa."

"Za Kiswahili?"

"Hizo za vijana. Za matatu."

"Unaelewa wanachosema?"

Dereva akacheka, akamtazama tanboi wake, kijana wa miaka kumi na tisa hivi aliyekuwa ameshaanza kutikisa mabega kabla flashi haijachomekwa. "Huyu ndiye anaelewa," akasema. "Mimi naendesha tu."

Lori likatoka likielekea barabara ya Outering, vyuma vitupu vikigongana, na gengetone ikilia kwa sauti ya kupasua spika. Yule mama wa supu aliinua kichwa, akasikiliza kidogo, akarudi kwenye sufuria. Wimbo huo hakuufuata.